Lugha Moja, Nyumba Mbili: Zanzibar na Ngano ya Umoja katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Katika idara za Kiswahili nchini Kenya kuna dai ambalo limerudiwa mara nyingi hata watu wakaacha kulidai ushahidi. Dai lenyewe ni kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja na kwamba fasihi iliyotungwa kwa lugha hiyo, kwa sababu hiyo tu, ni chombo cha kuwaunganisha waliogawanyika. Mwanafunzi hulikuta dai hili katika shule ya upili, akalikariri katika karatasi ya mtihani chini ya kichwa cha "dhamira". Akifika chuo kikuu hulikuta tena, safari hii likiwa limevishwa joho la nadharia. Tangu Siku ya Kiswahili Duniani ilipoanza kuadhimishwa tarehe 7 Julai 2022, dai hilo husomwa pia majukwaani, mbele ya wanasiasa ambao mwezi uliotangulia walikuwa wakitukanana kwa Kiswahili hicho hicho.

Makala haya yanalipinga dai hilo. Hakuna anayekana kwamba Kiswahili kimewawezesha watu wa makabila mengi kuelewana sokoni, jeshini na katika harakati za uhuru. Kinachokanwa hapa ni hatua ya pili ya hoja, ile inayotoka kwenye kuelewana ikarukia kushikamana, kana kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Swali linalozikabili nchi nyingi leo ni iwapo demokrasia iliyogawanyika pande mbili zinazochukiana inaweza bado kusimama. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba inaweza, lakini haisimamishwi na kufanana kwa watu wake. Husimama pale ambapo anayeshindwa ana hakika ya mambo mawili: kwamba kura yake haikuhesabiwa na mshindani wake, na kwamba kesho yake ataendelea kuhesabiwa kuwa mwananchi. Mahali pa kulipima jibu hili ni Zanzibar, na uhakiki wa Kiswahili hauna udhuru wa kutopatazama, maana huko ndiko lugha yake sanifu ilikochukuliwa.

Lugha moja, dini moja, pande mbili

Lau lugha ingekuwa gundi ya taifa, pasingekuwa na nchi iliyoshikamana kuliko Zanzibar. Kiunguja ndicho kilichoteuliwa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Wakazi wa visiwa vile karibu wote ni Waislamu. Wanavaa mavazi yale yale, wanakula vyakula vile vile, wanaozana, na wanasikiliza taarab ile ile. Yaani kila jambo ambalo mwalimu wa fasihi hulitaja kuwa chimbuko la umoja lilikuwapo huko zamani, tena kwa wingi. Pamoja na hayo, kati ya 1957 na 1964, kipindi ambacho wenyewe hukiita Zama za Siasa, watu hao waligawanyika kiasi cha kususiana maduka, na wakulima wakafukuzwa katika mashamba waliyokuwa wakilima kwa sababu ya chama walichokiunga mkono. Neno "siasa" likawa jina la msimu wa uhasama, kama vile watu wanavyotaja msimu wa njaa au wa tauni.

Mgawanyiko huo ulielezwa kwa lugha gani? Ulielezwa kwa Kiswahili fasaha. Magazeti ya wakati ule, kama vile Mwongozi lililoelekea upande wa Zanzibar Nationalist Party na Afrika Kwetu lililoelekea upande wa Waafrika na baadaye Afro-Shirazi Party, yaliandikwa na watu waliosoma, walimu na waandishi waliojua thamani ya neno. Jonathon Glassman, katika kitabu chake War of Words, War of Stones (2011), ameonyesha kwa kirefu jinsi wasomi hawa walivyotangulia kwa maneno kabla ya mawe kurushwa. Mijadala kuhusu ustaarabu na ushenzi, kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni, nani mjukuu wa bwana na nani mjukuu wa mtumwa, haikuzuka vichochoroni. Ilipigwa chapa, ikasomwa kwa sauti barazani, kisha ikashuka vichochoroni.

Hapa ndipo lugha moja inapoonyesha upande wake wa pili. Mtu humtukana mgeni asiyejua lugha yake, na tusi likapita. Anayejua lugha hujeruhiwa kikamilifu, kwa kuwa anafahamu fumbo na historia iliyofichwa ndani ya neno. Yeyote aliyesikiliza mipasho ya taarab, au aliyesoma maandishi ya kanga yaliyokusudiwa jirani, anajua kwamba ujuzi wa pamoja wa lugha ndio unaolifanya fumbo liume. Neno "Hizbu" lilikuwa jina la mtaani la chama cha ZNP. Chama kilifutwa 1964, lakini neno likaendelea kuishi, na katika zama za vyama vingi likatupwa kama tusi kwa wafuasi wa Civic United Front ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati ZNP ipo. Lugha ilihifadhi uhasama kwa uaminifu ule ule inaohifadhi methali.

Kura moja ya Chake Chake

Ikiwa lugha haikuwaunganisha, ni nini hasa kilichowatenganisha? Wapo wanaojibu kwamba ni rangi, wapo wanaosema ni tabaka, na wapo wanaosema ni hila za Mwingereza. Kila jibu lina chembe ya kweli. Hata hivyo majibu hayo yote hulipita jambo moja la kawaida kabisa, nalo ni hesabu.

Katika uchaguzi wa Januari 1961 ASP ilipata viti 10, ZNP viti 9 na Zanzibar and Pemba People's Party viti 3. Kiti kimoja cha ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe wa ZPPP walipogawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, pande zikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, ukafuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, lakini ikapata viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963 mikononi mwa muungano uliokuwa na kura chache kuliko wapinzani wake. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, kabla serikali hiyo haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru.

Mtu hahitaji kuyatetea mauaji yaliyofuata ili aone kilichotokea. Upande mmoja uliona kwamba wingi wake hauwezi kuupa ushindi. Upande wa pili ulipoanguka uligundua kwamba kushindwa hakukuwa kukosa serikali tu, kulikuwa kukosa mali, nchi na, kwa maelfu ya watu, uhai. Tangu hapo kila uchaguzi visiwani umepigwa chini ya kivuli cha hofu hizo mbili: hofu ya kuibiwa ushindi na hofu ya kuangamia kwa kushindwa.

Vyama vingi viliporudi 1992 hesabu ilikuwa ile ile. Mwaka 1995 Salmin Amour wa Chama Cha Mapinduzi alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF, na matokeo hayo yakatiliwa shaka na watazamaji. Muafaka ulitiwa saini 1999. Baada ya uchaguzi wa 2000, uliorudiwa katika majimbo 16, maandamano ya Januari 2001 yalizimwa kwa risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Wakimbizi hao walipokelewa na wenyeji waliozungumza nao Kiswahili bila mkalimani. Lakini hawakuwa wamekimbia watu wasioelewana nao. Walikuwa wamewakimbia wasemaji wa lugha yao wenyewe.

Muafaka wa pili ulifuata Oktoba 2001. Kisha, Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Seif Sharif walikutana, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikaidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein alimshinda Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Tofauti ilikuwa nyembamba karibu kama ya 1995, lakini safari hii aliyeshindwa alikubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Jambo hili linastahili kuzingatiwa. Wazanzibari wa 2010 hawakuwa wanafanana zaidi ya wale wa 1995, wala hawakuwa wamepata lugha mpya. Kilichobadilika ni gharama ya kushindwa.

Kwa nini basi nyumba hiyo ilitikisika tena? Kwa sababu sharti moja lilitimizwa na la pili likaachwa. Mshindwa alipewa kiti, ila mhesabu kura hakubadilishwa. Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya wananchi kupiga kura, na matokeo ya majimbo kadhaa yakiwa yameshatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi mzima. CUF ilisusia marudio ya Machi 2016, na mgombea wa CCM akatangazwa kwa asilimia 91.4. Nchi ambayo kwa miaka mingi iligawanyika karibu nusu kwa nusu ilionekana kwenye karatasi kuwa na umoja mkubwa kuliko wakati wowote tangu vyama vingi virudi. Mwenye kutafuta mfano wa umoja usio na maana na autazame huo.

Riwaya na suala la mpinzani

Ni vyema sasa kutazama jinsi uhakiki ulivyozisoma riwaya zilizotoka katika historia hii. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978) imesifiwa kwa kuufichua ukatili wa umwinyi, na sifa hiyo ni ya haki. Mateso ya watumishi kama Kijakazi yalikuwa na mizizi katika maisha halisi. Fuad, kwa upande wake, amesawiriwa kama bwana asiye na chembe ya utu, na msomaji anaufunga mlango wa kasri akiwa ameridhika. Wahakiki walioongozwa na nadharia ya tabaka waliishia hapo hapo. Hawakuuliza swali ambalo takwimu za 1963 zinalilazimisha: ikiwa ASP ilipata asilimia 54, wale wa asilimia 46 walikuwa akina nani? Visiwa havikuwa na mamwinyi wa kufikia idadi hiyo. Wengi wao walikuwa wakulima, wavuvi na wachuuzi, hasa wa Pemba. Katika fasihi iliyofundishwa kwa miongo mingi, mpiga kura huyu hana sura. Ama anamezwa na kivuli cha Fuad, ama hayupo kabisa. Mwandishi ana haki ya kuchagua mhusika wake. Mhakiki aliyeona pengo hilo akanyamaza ndiye anayelaumiwa hapa.

Vuta N'kuvute (1999) ya mwandishi huyo huyo imesomwa kama riwaya ya umoja. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, anaukimbia unyumba huo, anaishi na Mwajuma, anampenda Denge, na mipaka ya rangi inavukwa. Riwaya ni nzuri, na mapenzi yale yanasadikika. Hata hivyo ni lazima ionekane kwamba umoja huo unawezekana kwa kuwa adui ni Inspekta Wright na dola ya kikoloni. Riwaya iliyochapishwa mwaka wa Muafaka wa kwanza inamrudisha msomaji katika wakati ambapo wananchi wangali na adui mmoja wa nje. Anayeitoa kwa wanafunzi kama dawa ya mgawanyiko wa sasa amewapa dawa ya ugonjwa mwingine. Ugumu wa demokrasia huanza pale Inspekta Wright anapopanda meli kurudi kwao na wananchi wanabaki kutazamana.

Riwaya inayoukaribia ugumu huo ni Haini (2003). Hamza anatiwa kizuizini na kuteswa baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi, tukio linalomkumbusha kila msomaji kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Wahakiki wameisoma kama riwaya ya gereza, na wakaieleza vizuri mbinu yake ya kusawiri mateso. Lakini jina lake lina hoja ya kisiasa ambayo imepuuzwa. Katika nchi ambako mpinzani ameondolewa kisheria, neno "haini" halikosi mtu wa kumvaa. Wakiisha wapinzani wa nje, hutafutwa wa ndani. Ule umoja uliopatikana kwa kumfuta mshindwa haukuleta utulivu, uliwageuza washindi kuwa washukiwa.

Mashairi ya Kuduhu

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inaidharau fasihi. Kinyume chake, fasihi ya Kiswahili ina kielelezo cha kale cha uhasama unaoheshimu kanuni, nacho ni malumbano. Mshairi anayejibu huichukua bahari ya mpinzani wake, akafuata vina na mizani vilivyowekwa, na hadhira inayozijua kanuni hizo huamua. Hawezi kumjibu asiyemsikiliza. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu (1995), wamekusanya tungo zilizotumwa baina ya washairi wa Lamu kwa upande mmoja na wale wa Mombasa na Pate kwa upande wa pili, wakati wa vita vya Shela, yapata 1812. Humo mpinzani ana jina, ana sauti, na hoja yake inarudiwa kabla ya kupingwa. Huu ni ustaarabu wa mgogoro ambao magazeti mengi ya Zama za Siasa yaliupoteza.

Lakini uaminifu unadai hadithi yote isimuliwe. Mashairi yale hayakuzuia vita. Damu ilimwagika ufukoni Shela, na Lamu, ingawa ilishinda, iliogopa kisasi, ikamwita Seyyid Said wa Oman ailinde. Mlinzi akageuka mwenye nyumba, na mwaka 1837 utawala wa Wamazrui wa Mombasa nao ukaanguka mikononi mwake. Waliolumbana kwa vina bora kabisa walikosa mwamuzi waliyemkubali wote, na mwamuzi wa nje akajileta. Kwa hiyo hata malumbano, ambayo ni bora mno kuliko mahubiri, hayatoshi peke yake. Yanamfanya mpinzani aendelee kuwa mtu. Hayahesabu kura.

Kenya na somo lisilofundishwa

Mhakiki wa Kenya asidhani kwamba Zanzibar ni habari ya ng'ambo. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi, miongoni mwake yalikuwamo "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Hayo ni maneno ya Kiswahili, na mawili ya kwanza ni sitiari ambazo mwalimu yeyote wa fasihi angeweza kuzichambua kwa dakika kumi. Ni darasa gani lililozichambua?

Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Ridhaa anapoteza nyumba na jamaa zake kwa moto wa uhasama uliozushwa na siasa. Jibu linalotarajiwa darasani ni kwamba mwandishi anahimiza amani. Jibu hilo halina kosa ila halimfikishi mwanafunzi popote. Swali la maana ni hili: jirani aliaminishaje nafsi yake kwamba kupoteza kura ni kupoteza kila kitu? Kwa kutoliuliza, darasa linafundisha kwamba waliochoma walikosa upendo, ilhali historia inaonyesha kwamba walikosa pia imani katika mwamuzi. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na Tume ya Kriegler iliyochunguza ilihitimisha kwamba haikuwezekana kujua nani alikuwa ameshinda.

Linganisha na 2022. William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga. Mgawanyiko haukuwa umepona. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Lakini fomu za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa hadharani, yeyote aliyetaka akajumlisha mwenyewe, na Mahakama ya Juu iliyotoa uamuzi tarehe 5 Septemba ndiyo iliyokuwa imeufuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani tarehe 1 Septemba 2017. Mwaka huo aliyefutiwa ushindi aliwaita majaji "wakora", kisha akarudi uwanjani kupigiwa kura upya. Mwaka 2022 aliyeshindwa alisema hakubaliani na majaji, kisha akauheshimu uamuzi wao. Hakuna aliyempenda mwenzake zaidi. Nchi ilishikwa na fomu na mahakama, vitu ambavyo havijawahi kutajwa chini ya kichwa cha "dhamira".

Hitimisho

Itapingwa kwamba mhakiki wa fasihi hana kazi na tume za uchaguzi. Hilo ni kweli kwa kiasi. Kazi yake ni maneno, na ni katika maneno ambamo mshindwa hutangulia kufutwa kabla ya kufutwa kwenye daftari. Kwa hiyo idara za Kiswahili zinadaiwa mambo matatu. Kwanza, maandishi ya Zama za Siasa yafundishwe kama sehemu ya historia ya nathari ya Kiswahili, pamoja na aibu yake. Pili, kila riwaya ya siasa iulizwe mpinzani amepewa sauti gani, na mhakiki aseme wazi pale ambapo hakupewa. Tatu, swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi aeleze jinsi mwandishi "anavyohimiza umoja" liondolewe, maana linamzoesha kijana kudhani kwamba anayetofautiana naye ni hitilafu inayongoja kurekebishwa.

Nchi iliyogawanyika haihitaji kuambiwa kwamba ni moja. Wakazi wa Chake Chake wa 1961 walijua walikuwa wamoja kwa lugha, kwa dini na kwa nasaba, na bado kura moja ilitosha kuwagawa. Walichokosa ni mahali pa kushindwa na kubaki nyumbani. Uhakiki unaoendelea kuwaimbia watu wa namna hiyo wimbo wa umoja unamsaidia yule ambaye tayari ameshika sanduku la kura, na ni wakati wenye uhakiki huo waambiwe hivyo waziwazi.